Kiti cha Katikati

Tangazo lilipotoka mchana ule wa Jumamosi, Bibi Theresia alizima jiko, akaenda chumbani, na baada ya dakika ishirini sanduku lake lilikuwa limesimama ukumbini kama mgeni anayesubiri kuagwa. Ilikuwa Juni, mwaka wa pili wa korona. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, walisema, watu wa Sydney wabaki majumbani, asitoke mtu bila sababu ya lazima. Wiki mbili au miezi mingapi, hakuna aliyejua. Kwa hiyo kama ni kuhama, basi ni leo, kabla ya saa kumi na mbili.

Alimpigia simu Honorine, mjane wa Kirundi aliyekuwa akiimba naye kwaya, aliyekaa peke yake kule Villawood.

"Kuja tu, Maman," Honorine alisema. "Chumba iko. Nitakufuata na gari saa kumi. Lakini mkwe wako anajua?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia na mdomo gani, nyinyi ambao hamsemezane?"

 Bibi Theresia alikohoa kidogo, akamwombea kwa Mungu barabara njema, akakata simu.

Alitoka Bukoba Desemba ya mwaka kabla ya korona, kuja kumsaidia binti yake Raheli kujifungua. Miezi mitatu tu, alisema. Mtoto akazaliwa Februari, Machi ndege zikasimama, na sasa huyo mtoto, Ronnie, alikuwa anatembea, anavunja vikombe, na halali mchana mpaka abebwe mgongoni na bibi yake. Raheli alikuwa muuguzi, na siku hizo hospitali ilimla asubuhi ikamtapika jioni. Kazi za nyumba Bibi Theresia hazikumshinda. Kilichomshinda ni mkwewe.

Muema alikuwa Mkamba wa Machakos, na kwao mtu na mama mkwe wake hupishana. Hawali meza moja, hawakai wakatazamana, hawasemezani ovyo. Tangu siku Bibi alipoingia katika nyumba ile ya Toongabbie, Muema alikuwa akila gereji, sahani juu ya mashine ya kufulia nguo.

"Mama, hiyo ni heshima," Raheli alimwambia mara nyingi. "Ndivyo walivyo."

Bibi Theresia aliijua heshima. Hata kwao Buhaya mkwe ana mipaka yake. Lakini mwanamume kula na mashine ya kufulia mwaka na nusu, ndani ya nyumba anayoilipia yeye mwenyewe? Huyo si kaheshimu, huyo kafukuzwa. Na sasa nchi inafungwa, atashinda humo humo na kompyuta yake ya kazi, kutwa akimkwepa mama wa mkewe kutoka chumba hadi chumba. Afadhali ampishe. Hata hivyo yote hayo angeyavumilia, lau si kile kitenge.

Na kitenge ni habari ya besiboli.

Januari ile, kabla ya korona, Muema alikata tiketi tatu za mechi ya klabu yake, klabu ndogo ya kofia za kijani, ilipocheza na watu wa Newcastle. Moja yake, moja ya Raheli, moja ya mgeni. Siku ilipofika miguu ya Raheli ilikuwa imevimba kama mikate, akabaki nyumbani na binti yake Abigail. "Nendeni nyinyi," akasema, na tiketi zilikuwa zimeshalipwa. Wakaenda. Bibi Theresia alikaa kiti cha nyuma cha gari kama abiria wa teksi, na Muema aliendesha kama dereva asiyemjua abiria wake.

Uwanjani viti vilikuwa na namba. Muema akaketi huku, Bibi akaketi kule, na katikati yao kikabaki kiti cha Raheli, kitupu.

Mchezo wenyewe mwanzo hakuuelewa. Mtu anarusha, mwingine ana gongo, wengine wamesimama majanini kama wamesahau walichokijia. Kisha akaona kwamba anayepiga hukimbia akizunguka vituo, na furaha yote ya watu ni arudi pale pale alipoanzia, mahali wanapopaita nyumbani. Moyo wake ukatulia. Hicho kilikuwa kitendawili, na vitendawili alivijua kuliko kitu chochote alichofundishwa katika madarasa yake saba. Natoka nyumbani mbio, nafika nyumbani nashangiliwa. Kuanzia hapo hakubandua macho.

Mechi ya kawaida ina zamu tisa. Ile ilifika tisa wako sawa, ikafika kumi, ikafika kumi na mbili. Jua likazama, upepo wa kusini ukaingia ghafla kama mtu aliyefungua friji, na Muema alikuwa na fulana tu. Bibi Theresia alimwona kwa pembe ya jicho akijikumbatia. Akavua kitenge chake kizito alichojitanda, kile cha bluu chenye ndege wa njano, akakikunja, akakiweka juu ya kiti cha katikati. Hakusema neno, maana angesemaje? Akatazama uwanjani ili mwenzake akichukue bila aibu.

Muema hakukichukua. Zamu ya kumi na tatu, ya kumi na nne, kitenge kimekaa pale kinapata joto peke yake na watu wawili wanatetemeka pembeni yake. Kofia za kijani zilipopata ushindi uwanja mzima uliruka. Bibi Theresia alikikunjua kitenge, akajitanda, akarudi kiti cha nyuma cha gari. Moyoni alisema: kumbe hata nguo yangu hataki imguse.

Haya ndiyo aliyokuwa nayo siku ile ya sanduku.

Saa nane kasoro Muema alitokea ukumbini, Ronnie begani. Akaliona sanduku. Akasimama.

"Ronnie," akamwambia mtoto, "kuna mtu anasafiri?"

"Ronnie," akasema Bibi Theresia akiutazama ukuta, "mwambie baba yako, Bibi anakwenda kwa Honorine, Villawood. Awaachie nafasi mpumue."

"Ronnie, uliza Bibi kama amechoka na sisi."

"Ronnie, mwambie hajachoka."

Ronnie aliwaangalia mmoja mmoja, akacheka, akamvuta baba yake sikio. Muema alifungua mdomo, lakini sebuleni kompyuta ilianza kulia. Klabu ilikuwa imepanga kukutana katika jumba lake siku hiyo kukumbushana mechi za zamani, na kwa sababu ya korona mkutano ukahamia kwenye kompyuta. Akamweka mtoto chini, akaenda. Mlango wa sebule aliuacha wazi, yeye ambaye huufunga siku zote.

Bibi Theresia alivuta stuli akaketi ukumbini kando ya sanduku lake, nyuma ya mlango, asionekane. Ronnie akapanda mgongoni. Abigail, mwenye miaka tisa, akaja kuketi sakafuni.

"Wanasema nini?" Bibi alinong'ona.

"They're just telling stories, Bibi."

"Kwa Kiswahili, mama. Kizungu changu kiliishia darasa la saba."

Abigail alishusha pumzi. "Huyo mzee anasema... zamani sana, ndege mweusi na mweupe alishuka, akapiga yule wa kurusha. Kichwani! Mara tatu. Wakampa yule wa kurusha ndoo avae."

"Akashinda?"

"Ameshinda na ndoo."

Bibi Theresia alijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Akafuata mama mmoja mwenye sauti nyembamba. Yeye alikwenda na baba yake kwenye mechi ya mwisho ya uwanja wao wa zamani, kabla haujajengwa nyumba. Walipotoka baba yake alichota udongo wa pale anaposimama mpigaji, akautia katika chupa ya jamu. Baba alifariki mwaka jana, wakaruhusiwa watu kumi tu mazishini, na ile chupa bado iko dirishani.

"Mungu amlaze pema," Bibi alisema polepole, kama vile yule mama anamsikia.

Kisha ikasikika sauti ya Muema. Abigail akanyanyua kichwa.

"Bibi, hiyo siyo ile ameandika. Ameandika ya chuoni Kensington, ya wakati alikuwa mwanafunzi, rafiki yake Mjapani akampeleka mechi ya kwanza. Nimeisoma. Sasa anasema ingine."

"Anasema ipi?"

"Ya wewe."

Bibi Theresia aliacha kumpapasa Ronnie.

"Anasema, mechi kubwa kwangu ni ile ya zamu kumi na nne. Nilikwenda na mother-in-law, hiyo ni wewe. Kwetu hatukai karibu, kwa hiyo tulikuwa na kiti katikati, na ilikuwa ya mama. Anasema alikuwa anaogopa sana."

"Anaogopa nini?"

"Wewe. Kwamba utaona mchezo ni wa kijinga, na yeye ni wa kijinga. Halafu anasema ulileta karanga kwenye kopo."

Kweli, karanga! Zilikuwa zimemtoka akilini. Alikaanga karanga nyumbani, akaliweka kopo juu ya kiti cha katikati tangu zamu ya kwanza.

"Anasema ukitazama uwanja yeye anakula, akitazama uwanja wewe unakula. Hakuna mtu ameona mwingine akila. Mpaka kopo likaisha." Abigail alicheka. "Wote wanacheka huko, Bibi. Yule mzee wa ndege anafuta macho."

"Endelea."

"Anasema baridi ikaja. Ulitoa kitenge ukaweka kwenye kiti cha mama." Abigail alisikiliza. "Akafikiri unamwekea mama kiti, mtu asikae. Akaona vizuri sana. Anasema, nilikuwa na baridi, baridi, baridi, lakini nilifurahi, kwa sababu kuna mtu anashika nafasi ya mke wangu hata kama hayuko. Anasema yeye hakugusa hiyo nguo, hata kidole, asiharibu."

 Bibi Theresia aliutazama ukuta. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Abigail akashtuka akidhani analia, kumbe bibi yake anacheka, anacheka mpaka Ronnie mgongoni anarushwarushwa kama mtu aliyepanda punda.

"Mjinga mimi," alisema. "Mjinga na yeye. Tumeganda wawili, kiti kimejifunika!"

Saa kumi kasoro dakika chache mkutano uliisha. Muema alizima kompyuta lakini hakutoka sebuleni. Alijua nani yuko nyuma ya mlango, na aliye nyuma ya mlango alijua kwamba anajulikana. Sasa nani aanze, na aanze vipi? Ronnie alikuwa amelala, hawezi tena kutumwa.

Bibi Theresia alisafisha koo.

"Kitendawili!"

 Abigail alitaka kuitika, Bibi akamwekea kidole midomoni.

"Tega," ikasema sauti ya Muema. Ilitoka ndogo, kama ya mtoto wa shule.

"Alikaa katikati yetu mechi nzima. Karanga hakula, kitenge alivaa, na tulipoondoka hakuondoka."

"Nimeshindwa, Mama," Muema akasema.

"Dad!" Abigail alipiga kelele. "It's the chair! Umesema sasa hivi!"

"Wewe nyamaza. Nimeshindwa."

Sheria ya vitendawili hata watoto wa shule za Kenya wanaijua. Aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji asipoutaka, hutolewa mwingine.

"Basi nipe mji," alisema Bibi Theresia.

"Nakupa Nairobi."

"Siutaki. Una haraka nyingi."

"Nakupa Mombasa."

"Joto."

"Nakupa Sydney yote."

"Sydney unaitolea wapi, mwanangu? Ina wenyewe. Nipe mji ulio wako."

 Nje gari lilisimama, breki zikalia. Honi ikapigwa mara mbili, honi ya Honorine, isiyo na aibu.

"Mama," Muema akasema, bila Ronnie, bila Abigail, bila kiti, "nakupa Toongabbie. Nyumba na gereji yake. Mimi gereji sikufukuzwa. Nakaa huko ili wewe ule kwa meza bila wasiwasi."

"Na mimi nilikuwa nafunga sanduku ili wewe urudi mezani bila wasiwasi."

"Sasa unaona."

"Naona." Bibi Theresia aliinuka, akamweka Ronnie vizuri mgongoni. "Haya. Nimekwenda Toongabbie, nimekaa, nimelea, nimekula karanga na watu wake, na hapo ndipo nilipo. Jibu ni kiti."

"Ni kiti," Muema akakubali.

Honorine alikuwa ameshashuka garini, barakoa kidevuni, mikono kiunoni. "Maman Theresia! Sanduku iko wapi? Police itanikamata sababu yako!"

"Samahani, dada yangu. Nimepewa mji."

"Mji gani tena?"

"Huu."

Honorine alimtazama, akatazama mlango, akatikisa kichwa. "Watu wa Tanzania mna mambo." Hakurudi mikono mitupu. Aliondoka na ndizi zilizopikwa, kopo la karanga, na ahadi ya kupigiwa simu kila jioni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kukaa peke yake, na Bibi Theresia hakulisahau hilo.

Raheli alirudi saa mbili usiku, uso una alama za barakoa. Akasimama mlangoni pa jikoni, akaacha mkoba uanguke.

Meza ndefu ilikuwa imesogezwa mpaka ikavuka kizingiti cha mlango wa gereji. Mama yake ameketi upande wa jikoni. Mumewe ameketi upande wa gereji, ubavu kwa mama mkwe, wote wakitazama upande mmoja kama watu wa uwanjani. Katikati yao, pale kizingitini, palikuwa na kiti kitupu, na juu yake kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, kimekunjwa.

"Nyinyi mna nini?" Raheli aliuliza.

"Njoo ukae," mama yake alimwambia, "ila kwanza kanawe."

Raheli akaenda kunawa. Baridi ya Juni ilikuwa inapita chini ya mlango wa gereji, na Muema alikuwa na fulana yake ile ile ya siku zote. Bibi Theresia aligeuza uso, akatazama dirishani kwa makini sana, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

Alipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu kabisa, na mkwewe alikuwa amejifunika mabegani.