Mbwa wa Kuku na Mbwa wa Mbuzi

Mahindi ya Thacienne yalikuwa yameanza kutoa ndevu pale ndezi waliporudi. Kila asubuhi alikuta mashina yamekatwa chini kabisa, kwa mshazari, kama yamepitiwa na panga. Msimu uliopita panya hao wakubwa walimmalizia nusu ya shamba. Wakilimaliza na hili, yeye na watoto wake wangekula vya kuomba hadi mvua nyingine.

Mitego haikusaidia. Hapa Itebero kila mtu alimwambia dawa ni mbwa wa msitu: yule mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, asiyebweka, anayefungwa kengele ya mti shingoni ili mwenyewe ajue amepita wapi. Waliofuga wa mbegu safi, wasiochanganyika na mbwa wa barabarani, walikuwa wawili. Déo alitaka kuku wawili. Papa Édouard alitaka mbuzi.

Thacienne alikuwa na mbuzi mmoja tu. Alizaliwa kwenye milima ya Masisi, ndoa ikamleta huku msituni, na tangu mume wake afariki alikuwa mgumu wa kutoa kitu kabla hajakielewa.

Alianza kwa Papa Édouard. Watoto wa mbwa walikuwa wamekua, wameshaanza kumfuata mama yao porini. Aliwatazama meno, miguu, macho. Kisha akaenda kwa Déo, akatazama vilevile. Hakuona tofauti. Hata lile doa jeupe kifuani lilikuwa mahali pamoja.

"Édouard anakuibia," alisema jirani yake Chantal, akicheka. "Anaona weye muntu wa milima. Kwenu munajua ngombe na fromage ya maziwa, mbwa hamujui."

"Labda," alisema Thacienne. "Ao Déo njo anaficha kitu."

"Ah, dada! Kila muntu kwako ni mwizi?"

"Hapana. Sijue bado."

Kesho yake alirudi kwa Déo, kuku wawili wakining'inia mkononi, lakini hakuwatoa. Déo alikuwa akichonga mpini wa shoka, mbwa jike mchanga amelala miguuni pake.

"Kaka Déo, juu ya nini wako iko bei kidogo?"

"Mama Thacienne, unalalamika bei kidogo? Nipandishe?"

"Nauliza tu. Huyu jike akizaa, watoto ni ya nani?"

Déo aliinua macho, akashangaa kweli. "Ya kwangu! Na kila nyama atashika, paja ya nyuma ni yangu. Kuku ni ya kuomba mbwa tu, si ya kununua. Hukujua?"

"Na weye ukimuhitaji?"

"Wakati ya kuwinda nakuja kumuchukua, namurudisha. Njo desturi."

Wakati wa kuwinda ulikuwa mwezi ujao. Ndio wakati mahindi yangekuwa yanakomaa.

Thacienne aliwahamishia kuku kwapani. Kwao Masisi baba yake alichunga ng'ombe wa mtu mwingine kwa miaka mingi. Maziwa walikunywa wao, ndama walikuwa wa mwenye ng'ombe. Hakuna aliyeita jambo lile kununua. Déo hakuwa amemdanganya. Ni kwamba huku hakuna aliyemweleza, kwa sababu kila mtu alilijua tangu utotoni.

"Basi ya Papa Édouard ni ya kununua kabisa," alisema.

"Mbuzi inakata, hakuna deni tena. Lakini," Déo aliongeza, akirudi kwenye mpini wake, "mama ya mbwa wake alitoka kwa marehemu baba yangu. Mimi nilikuwa ningali mutoto, sikuona Édouard alitoa nini."

Neno hilo lilimfuata Thacienne hadi nyumbani. Mchana alimfungua mbuzi wake, akamwita Chantal, wakaenda kwa Papa Édouard.

"Umeleta mbuzi. Vizuri," alisema mzee, akinyoosha mkono.

Thacienne hakuachia kamba. "Papa, samahani. Mama ya hawa mbwa, ulimupata na kuku ao na mbuzi?"

Uso wa mzee ulikaza. "Unanizania mwizi kwa lupango yangu, kwa nyumba yangu mwenyewe?"

"Hapana, Papa. Kama ni kuku, hawa si yako ya kuuzisha. Déo atakuja kumuchukua wangu, na atakuwa na haki."

Chantal aliinama, akajifanya anatoa mwiba mguuni.

"Nilitoa mbuzi," alisema Édouard polepole.

"Nani aliona?"

"Émile, wa kanisa."

"Basi twende kwake."

Walikwenda wote, mzee mbele akimvuta mbwa jike mchanga kwa uzi, mbuzi akigoma kila hatua. Papa Émile walimkuta anaanua maharage yake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mbuzi ya madoadoa," alisema. "Baba yake Déo aliichinja siku ileile, akaniita. Mimi nilikula maini. Ilikuwa ngumu kama kiatu."

"Si unasikia!" alifoka Édouard.

"Nasikia, Papa. Sasa sema mbele yake: huyu mbwa ni wa Thacienne, na watoto ya tumbo yake ni ya Thacienne."

Mzee aliyasema, neno kwa neno. Thacienne akamkabidhi kamba kwa mikono miwili, akapokea uzi.

"Weye ni muntu ya taabu," mzee alimwambia, bila hasira sana.

Jioni, kabla jua halijazama, alimfunga mbwa kengele na kumfungulia pembezoni mwa shamba. Mbwa alinusa shina lililokatwa, akaingia katikati ya mahindi bila sauti. Kengele ililia upande mmoja, ikanyamaza, ikalia kwa kasi upande wa mto. Thacienne alichukua panga, akaifuata.