Busha la Mtani

Hema lilisimamishwa ubavuni mwa ghala la chama cha msingi cha wakulima, siku ya kupokea korosho, maana Daktari Asia alijua wanaume wote wa Mpapura watakuwa hapo na magunia yao. Na kweli walikuwepo, wamejaa tele. Walipima korosho, wakapiga soga, wakanywa uji, na hakuna hata mmoja aliyelisogelea lile hema. Mwanaume gani mwenye busha ataingia kwenye hema la mabusha huku kata nzima inamtolea macho?

Asia alikaa humo na nesi Agnes mpaka alasiri.

"Daktari," Agnes alisema, "leo tumehudumia nzi tu."

Asia alikuwa mwalimu wa chuo cha tiba Dar es Salaam, idara ya magonjwa ya kuambukiza. Ugonjwa aliousomea ni ule wa matende na mabusha, unaoletwa na mbu. Mbu humwachia mtu vijidudu vya minyoo, miaka ikapita, mmoja akavimba mguu, mwingine akavimba korodani. Vidonge vya kuua minyoo vilikwisha kugawiwa vijijini, watu wakameza. Lakini aliyekwisha kuota busha kubwa, dawa yake ni kisu, na kisu kilikuwa mjini Mtwara, ambako wengi hawakwenda. Utafiti wa Asia ulikuwa na swali moja tu: busha linaweza kupasuliwa hapa hapa kwenye kituo cha afya cha kijijini, na mtu akapona salama? Chumba cha upasuaji kilishapakwa rangi, mpasuaji alishafika, vifaa vilikuwa kwenye makabati. Waliokosekana ni wagonjwa.

Jioni ile Daktari Godfrey, mkuu wa idara, alipiga simu.

"Asia, mdogo wangu, mwisho wa mwezi huu. Ukikosa watu, mradi unahamia mkoa mwingine, na vifaa vyake vyote. Siyo mimi, ni kamati."

"Watakuja, kaka."

"Na mwezi uliopita ulisema watakuja."

Asia alikata simu. Wenye mabusha alikuwa akiwaona kila siku, wanaotembea miguu imepanuka, mkono umeshika kanzu kwa mbele. Wanakijiji wote waliwasalimia vizuri, shikamoo, marahaba, na wote walitazama pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa akitazama pembeni. Ndiyo adabu aliyofundishwa nyumbani kwao Masasi, na chuoni wakamwongezea nyingine.

Wiki ile kijiji kilifiwa na bibi mmoja aliyependwa sana. Asia alivua koti jeupe, akajitanda kanga, akaenda na Agnes kukaa na akina mama kwenye mikeka, wakichambua mchele. Upande wa wanaume alikaa mzee Shafii, mkulima wa korosho ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa neno. Alikalia kigoda, magoti huku na huku, kanzu imetuna katikati kama imefunika chungu. Kila mtu aliiona ile kanzu na hakuna aliyeitazama.

"Eti huyu binti daktari ni Myao?" Shafii alipaza sauti. "Nani kamruhusu Myao msibani kwetu? Fungieni kuku, jamani! Watu wanaovaa kanzu hata wakienda kulima!"

Watu wakacheka, maana Mmakonde na Myao ni watani, na msiba ndio uwanja wa mtani.

Asia alishika ungo wake. Daktari hasemi la mgonjwa. Lakini Shafii hakuwa mgonjwa wake. Alikuwa mtani wake, na yeye ndiye aliyeanza.

"Na nyie Wamakonde," alisema, akiuweka ungo chini, "mnalia msiba huku jicho moja linamfuata panya wa kitoweo anayepita, mtanifundisha nini? Na wewe babu Shafii, hilo boga ulilokuja nalo ni la kupikia wafiwa, au bado unasubiri likomae?"

Mikono iliyokuwa ikichambua mchele ilisimama. Agnes alifumba macho. Neno likishatoka halirudishwi mdomoni.

Wa kwanza kucheka alikuwa Zainabu, mke wa Shafii. Alicheka akajipiga mapaja, akalala kabisa kwenye mkeka. Halafu Shafii mwenyewe.

"Limekomaa zamani!" alipiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka. "Halina mchumaji tu!"

"Mchumaji mimi hapa. Kesho asubuhi, kituoni."

"Nikifa je?"

"Ukifa nitalikalia jeneza lako, siondoki mpaka wanao wanipe jogoo."

"Si nimesema mfungie kuku?"

Asubuhi Shafii alikuja kituoni kwa njia kuu, mchana kweupe, Zainabu nyuma yake, akimwambia kila aliyepishana naye kwamba Myao kamtukania boga lake, sasa alichume mwenyewe. Lakini mlango ulipofungwa, Asia aliuacha utani nje. Alimweleza polepole: sindano ya ganzi, damu, hatari ya kidonda kuoza, na kwamba akikataa hakuna atakayemlaumu.

Shafii alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "miaka yote hii wanaongea na mimi wakiangalia ukuta. Wewe umeliangalia. Nipasueni."

Wakampasua. Asia alikuwa akikifungua kile kidonda kila siku huku pumzi ameibana, maana kikioza, hakuna mwingine atakayekuja. Hakikuoza. Kilikauka vizuri, na Shafii akaanza kutembea uani magoti yakikutana, Zainabu akimfuata kama anamfundisha mtoto.

Baada ya hapo walikuja. Shafii alijiwekea kigoda getini. Wamakua na Wayao aliwatukana mwenyewe, watani wake hao: "Ingia wewe, mzigo wako umeonekana toka kijiji cha Ziwani!" Wamakonde wenzake hakuwa na ruhusa nao, kwa hiyo alimwita Asia atoke nje awashughulikie. Asia akatoka, koti jeupe na yote, akawashughulikia kisawasawa.

Mwisho wa mwezi Daktari Godfrey alifika mwenyewe. Aliwapita watu waliojaa kwenye mabenchi, wengine kwenye nyasi, akakagua vidonda vya waliopasuliwa kimoja kimoja, hakukuta hata kimoja kilichooza.

"Mmetumia mbinu gani ya uhamasishaji?" aliuliza.

"Matusi, kaka."

Godfrey alimtazama, akaona hatanii. Akatoka barazani akatangaza kwamba mradi hauhami. Chumba cha upasuaji kinabaki Mpapura, na madaktari wa kata nyingine watakuja kujifunza hapa. Zainabu alipiga kigelegele, wanawake wakakipokea, Agnes akapiga cha kwake kikavunjikia njiani.

"Bosi, kabila gani wewe?" Shafii alimuuliza Godfrey.

"Mhaya, mzee wangu."

"Shukuru Mungu. Huna mtani hapa."

Asia aliufungua tena mlango wa chumba cha upasuaji, akavaa glovu.

"Anayefuata!"

Wanaume wawili walisimama kwa pamoja, wakaanza kusukumana.