Bushi za Mbungo

"Basi unataka mwanao ashuke Lindi kwa machela, kama mzungu wa zamani," Severini alisema kutoka chini ya gari. Ilionekana miguu yake tu, imetulia kama ya mtu aliyelala.

"Nataka afike," mkewe Tekla akajibu. "Kwa machela, kwa punda, kwa mgongo wako, mimi nataka afike."

Ugomvi huo waliuanza kabla ya chai, wakaukatisha jirani alipopita kusalimia, wakaurudia alipoondoka. Sasa jua lilikuwa linakaribia utosini na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Severini alikuwa seremala, tena seremala kweli, aliyefundishwa na mabruda wa misheni. Hakuna mlango wa maana hapo Rutamba ambao haukupita mikononi mwake. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba aliyeweza mlango ameweza kila kitu. Ndiyo maana mashamba ya karanga ya Nachingwea, alikokuwa akifanya kazi, yalipofungwa na magari yake kuuzwa, wenzake walirudi na mabati na ndoo, yeye akarudi na pikapu kuukuu inayokohoa. Mwaka wa pili sasa alikuwa akiifufua uani, kipande kwa kipande.

Kilichobaki kilikuwa bushi za mbele. Springi ya gari hushikwa kwa pini, na kati ya pini na tundu la springi huvikwa bushi, kipande cha mpira kama pete nene, ili chuma kisisage chuma. Bushi za gari lile zilikuwa zimekwisha kabisa. Dukani Lindi walisema za aina hiyo zitaagizwa Dar es Salaam, zije na meli, labda mwezi ujao. Severini hakungoja meli. Alikata bushi kwenye soli za katambuga, vile viatu vya tairi, akazipachika, na Jumatatu akamwambia Tekla apande wakalijaribu.

Tekla alipanda. Kwenye mteremko wa mawe, gurudumu la kulia lilipogonga shimo, Severini alizungusha usukani kushoto na gari likaenda kulia. Hakukuwa na kelele yoyote. Lilikwenda tu, kwa utulivu, kama ng'ombe anayefuata majani, mpaka gurudumu likakwama kwenye kisiki ukingoni mwa korongo. Tekla alitazama dirishani akaona vilele vya miti. Havikuwa juu yake. Vilikuwa chini ya miguu yake. Walipoichungulia springi walikuta soli zimesagika zikawa kama unga wa tumbaku.

Tangu siku hiyo, kila alipofumba macho aliona vile vilele. Hakumwambia mtu. Alipika, alifagia, aligomba.

Na sasa aliyetakiwa kupanda ni Veronika. Binti yao alikuwa na miaka ishirini, mumewe yuko kwenye mkonge na harudi kabla ya mwisho wa mwezi. Mtoto wake wa kwanza alitanguliza miguu, akazikwa bila kulia, na Veronika mwenyewe alibaki kitandani siku arobaini akiwa wa rangi ya majivu. Juzi dresa wa zahanati alimpapasa tumbo, akakunja uso, akasema huyu naye kakaa vivyo hivyo. Akasema apelekwe hospitali Lindi kabla uchungu haujaanza, maana ukianza yeye hana la kufanya. Basi lilikuwa limepita asubuhi ya siku hiyo hiyo, na jingine lilikuwa la Jumamosi.

Kwa hiyo Severini aliingia msituni. Baba yake aligema mbungo zama za Wajerumani, na yeye alikumbuka namna: unaukata ule mtambaazi, unajipaka utomvu mikononi mpaka ugande, unaubandua na kuuviringisha mpaka uwe mpira mgumu unaoruka ukiutupa chini. Alirudi na mipira mitatu na mikono isiyo na nywele hata moja. Akaichonga ikawa bushi tano, nne za kazi na moja ya akiba. Alijisifu mpaka jikoni. Wazungu walivuka bahari kuufuata mpira huu, alisema, na sisi tunaukanyaga.

Tekla alikuwa amemwambia tangu asubuhi kwamba mbungo haupendi jua. Alijua, kwa sababu baba yake naye aligema. Alipokuwa na miaka sita alisahau kapu la mipira nje, na jioni wakakuta mipira kumi na miwili imekuwa tonge moja, kapu limo ndani yake. Kipigo cha siku ile bado alikuwa akikihesabu. Severini akajibu kwamba baba yake yeye aliubeba mbungo mpaka Lindi na haukuyeyuka. Tekla akamwambia walitembea alfajiri na mzigo umefunikwa majani mabichi, amuulize mtu yeyote mwenye mvi. Severini akasema hapa anayejua gari ni nani.

"Kama unajua kuliko mimi, njoo huku," aliongeza sasa, akicheka kidogo. "Mtaka cha mvunguni huinama."

Tekla hakuinama. Alichukua ile bushi ya akiba juu ya benchi, akaiweka kwenye boneti, juani, katikati kabisa.

"Unakaanga?" Severini akauliza, akichungulia.

"Nakaanga. Kikiiva nitakuita."

Akaingia ndani kumtazama Veronika, akamkuta amesimama mlangoni mwa chumba, mkono mmoja umeshika mwimo. Hakuwa akilalamika. Alikuwa anatazama sakafu kwa makini sana, kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akashusha pumzi na kuuachia mwimo, na Tekla akaona alama za kucha kwenye udongo wa ukuta kando yake.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoteka maji, mama. Ni kidogo tu. Yanakuja na kuondoka."

Uchungu umeanza, na dresa alikwisha sema neno lake. Tekla alimkalisha binti yake, akamwambia asisukume hata akisikia nini, na sauti yake ilitoka imenyooka ajabu, kama ya mtu anayeagiza chumvi. Kisha akatoka nje.

Bushi pale kwenye boneti ilikuwa imekaa chini. Ilikuwa imelegea upande mmoja, na tundu lake limefumba kama jicho lenye usingizi. Aliigusa. Kidole kikazama, na alipokivuta ukaja uzi mrefu, kama mlenda.

"Baba Vero, toka uone."

Alitoka. Alitazama kidole cha mkewe, akatazama boneti, akatazama chini ya gari ambako nne nyingine zilikuwa zimekwisha fungwa kwa pini. Alijipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Njiani ni moto kuliko hapa," alisema hatimaye. Hakukuwa na kicheko tena.

"Na uchungu umeanza."

Severini akakaa juu ya jeki, mzima mzima, kama gunia. Tekla alimwona jinsi anavyoogopa, na hilo lilimtisha kuliko kitu kingine chochote, maana miaka yote ishirini na mitano mtu wa kuogopa nyumbani humo alikuwa yeye. Akamuuliza kuna nini kingine. Katambuga? Severini akatikisa kichwa. Wote wawili walikuwepo Jumatatu. Machela ingefika kesho kutwa. Mti, basi, Severini akasema polepole. Mpingo ungefaa. Ukichongwa vizuri na kulowekwa kwenye mafuta, unasuguana na chuma miaka. Kwa kekee na patasi, bushi nne ni kazi ya saa tatu. Lakini mpingo wake wote pale karakanani ulikatwa mwezi uliopita, bado mbichi, ungepasuka kwenye jiwe la kwanza. Ilihitajika uliokauka miaka.

Macho yao yalikwenda mahali pamoja, kisha Severini akayahamisha ya kwake.

Mchi ulikuwa umeegemea ukuta wa jiko. Ulikuwa wa mpingo, mweusi, umeng'aa kwa viganja vya wanawake watatu. Mama yake Tekla alimkabidhi siku Veronika, akiwa mchanga, alipolambishwa uji kwa mara ya kwanza. Ndivyo ulivyokuwa ukihama, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, siku ya uji wa mtoto wa kwanza. Mchi huu hauazimwi, aliambiwa, wala hautiwi chuma. Miaka miwili sasa ulikuwa unamngoja Veronika, na uji ule haukupikwa.

"Huo hapana, Mama Vero," Severini alisema. "Huo ni wa mama mkwe."

"Mama mkwe wako amekufa," Tekla alisema. "Mwanangu bado."

Aliubeba mpaka kwenye benchi, akaubana kwenye jiliwa, akachukua msumeno ukutani. Meno ya kwanza yaliteleza na kuchora tu. Akasali kimoyomoyo, akaegemea kwa kifua kizima, na msumeno ukashika. Unga mweusi ukaanza kumwagika miguuni pake. Kutoka ndani Veronika aliguna, akanyamaza. Severini alikuwa tayari amelala tena chini ya gari, anagonga pini ya kwanza itoke.

Kipande kikaanguka. Tekla alikiokota, kikiwa bado cha moto, akainama, akakipitisha chini ya gari mpaka akakutana na mkono wa mumewe.

"Pima hicho," alisema, akarudi kukata cha pili.