Mashine Iliyokataa Kulia

Feni zilizunguka, taa ya kijani ikawaka, kioo kikabaki cheusi tii. Glorivie akangoja. Akangoja tena, kwa adabu, maana mashine kuukuu nazo zina uvivu wao wa asubuhi. Wapi!

"Siku nyingine zote nifanyie utakavyo," akaiambia kompyuta yake, "lakini leo, mama wee, leo usinitende."

Leo saa nane mchana alikuwa na usaili. Kampuni moja ya Singapore ilikuwa ikitafuta mafundi wa kwenda huko kuangalia kompyuta zake, na baada ya kupepeta watu mwezi mzima, katika mji wote wa Iloilo ni yeye tu aliyebaki kwenye ungo. Wangeonana naye kwa kamera, kupitia programu waliyomtumia, na programu yenyewe ilikwisha kufungiwa kwenye mashine hii hii. Ukiipeleka kwenye nyingine inakukana. Asiyeonekana saa nane, walisema, watahesabu amejitoa. Watu wale hawana "subirini kidogo".

Programu ilikuwa nzito, ikadai memori zaidi. Hapo ndipo baba yake alipojitokeza. Jina lake Hermenes. Mtaa ulimwita Mening, binti yake alimwita Tay, yaani baba. Alikuwa fundi wa kompyuta wa shule ya sekondari mpaka alipostaafu, na kila Glorivie alichokijua kuhusu mashine alikipata mikononi mwa mzee huyu.

"Memori nitakuwekea mimi, Inday," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kama mtu mzima yeyote wa kwao amwitavyo binti. "Zawadi yangu hiyo. Wewe nenda misa ukatuombee."

Jana jioni aliporudi kanisani alikuta kasha limeshafungwa, skrubu zimekazwa, mzee anafuta mikono. "Imekaa barabara. Usiiwashe sasa, umeme unachezacheza. Kesho." Glorivie akauchukua mkono wake akaugusisha kwenye paji la uso, kama anavyofanya kila atokapo misa, na safari hii akauacha pale kidogo zaidi. Alikuwa na furaha mpaka akaona haya. Hata jibu alikwisha kulipanga: wakimuuliza anaweza kuanza lini, atasema baada ya Krismasi, ili Tay asile chakula cha mkesha peke yake. Angalau mwaka huu.

Asubuhi hii mzee aliondoka kabla Glorivie hajaamka, kwenda Arevalo kwenye mapambano ya majogoo. Hivyo ndivyo alivyoaga usiku.

Basi. Glorivie akalilaza kasha ubavu juu ya meza ya kulia, akachukua bisibisi. "Ukimulika nyoka, anza miguuni pako." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Tay. Mashine ikigoma usiende kutafuta mchawi mbali; anza na kile kilichoguswa mwisho. Na kilichoguswa mwisho ni memori. Akavitoa vipande vipya vyote viwili, akavisugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya shule, akapuliza, akavirudisha mpaka vishikizo vikasema ta! huku na huku. Akawasha. Feni, taa ya kijani, giza.

Akampigia simu.

"Ni memori hiyo," Tay akasema kabla hajamaliza kueleza. "Mpya huwa na ujeuri. Toa, sugua, rudisha. Jaribu kimoja kimoja. Badilisha matundu. Usiwe na haraka, Inday."

Usiwe na haraka! Na saa ya ukutani inakimbia kama haina akili nzuri. Akajaribu kimoja kimoja. Akabadilisha matundu. Akarudisha kile cha zamani peke yake, kilichofanya kazi miaka yote bila kulalamika. Giza lile lile. Jasho likamdondoka kwenye bodi, akalifuta kwa ukingo wa fulana huku akijitukana.

Manang Prax akaingia bila hodi. Manang ni kama kusema dada mkubwa; yeye ndiye jirani mwenye mgahawa wa kona, na mkononi alibeba bakuli la batchoy, tambi zinafuka moshi.

"Kula kwanza. Mtu haendi kwenye intavyuu na njaa, tumbo likinguruma watadhani ni tetemeko."

"Manang, mashine imekufa."

"Mashine iliyoshikwa na Mening ife? Yule mzee anafufua hata pasi ya makaa." Akamwangalia vizuri. "Na uso huo hujaunawa. Unataka wakuajiri au wakuchangie?"

Siku nyingine Glorivie angecheka. Akafanya jambo moja lililobaki: akatoa memori zote, mpya na ya zamani, mashine ikabaki bila hata kipande. Alipokuwa mdogo Tay alimfundisha hivi: mtoto mchanga akinyimwa maziwa hulia. Mashine nayo, ukiinyima memori italia, pii, pii, pii, mpaka majirani wakereke. Lakini isipolia kabisa, achana na habari ya maziwa, mtoto ana ugonjwa mwingine.

Akawasha, akatega sikio. Feni tu.

Akapiga simu tena, akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilijaa vumbi. "Tay, nimetoa memori zote na hailii. Unanisikia? Hata kulia hailii."

Tay akasema taratibu, "Rudisha. Sugua tena. Ni memori hiyo."

Nyuma yake mtu alikuwa akiimba, sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Manang Prax akakodoa macho.

"Ebo! Huyo si Bodoy? Ni Bodoy huyo! Nimemwacha kwangu sasa hivi, anaiua karaoke yangu." Akainamia simu. "We Mening! Uko Arevalo au uko kwenye benchi langu la nyuma?"

Simu ikakatika.

"Labda jogoo wake kapigwa mapema," Manang Prax akasema, "anaona haya kurudi." Lakini alilisema polepole, na mwenyewe hakuliamini.

Benchi la Manang Prax halikumuuma Glorivie. Kilichomuuma ni lile "sugua tena". Mtu mwingine angeweza kukosea. Tay, hapana. Tay ndiye aliyempa mfano wa mtoto na maziwa; alijua kuliko mtu yeyote pale mtaani kwamba mashine isiyolia haina shida ya memori. Alijua, na bado akamrudisha kule kule azunguke, muda unakwenda. Akachukua tochi, akaanza kutazama mahali ambapo aliyeweka memori hakuwa na kazi napo.

Kwenye kona ya juu ya bodi, karibu na feni kubwa, kuna plagi ndogo ya waya za njano na nyeusi. Hiyo ndiyo inayoupa ubongo wa mashine umeme wake. Kwa macho ilikuwa imekaa vizuri. Glorivie akaigusa kwa ncha ya kidole, ikanyanyuka.

Iliegeshwa tu.

Na plagi ile ina ndoano. Hailegei kwa vumbi, hailegei kwa kutikiswa, panya haiwezi, umeme unaochezacheza hauiwezi. Sharti mtu aibinye ndoano kwa ukucha, avute. Na huyu aliyevuta alikuwa ameirudisha juu ya tundu lake kwa uangalifu, ili jicho lipite lisione. Kazi safi. Glorivie alimjua mtu mmoja tu duniani mwenye mkono safi namna ile.

Akaisukuma ndani, ta! Akarudisha memori mpya. Akawasha. Mashine ikalia mara moja, pii, kilio kifupi cha afya, kioo kikajaa mwanga, na Glorivie naye akalia, tena kwa sauti.

"Si imepona!" Manang Prax akapiga makofi. "Sasa unalia nini? Ilikuwa nini?"

"Waya wa umeme."

"Ulilegea?"

"Haulegei, Manang. Umechomolewa."

Manang Prax akamtazama, akaitazama mashine, akavuta kiti akaketi. "Mamaa," akasema. "Mening?" Kisha, maana alikuwa mtu mwema na alimpenda yule mzee, akaanza kumtetea. "Usimhukumu, Inday. Mama yako alisema miaka miwili tu Hong Kong, akapotelea huko huko, unakumbuka? Mening akawa anamwekea sahani mezani hadi ikawa aibu kuitazama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Angeniambia!" Glorivie akapiga meza, mchuzi ukaruka. "Angesema, Inday, usiende. Tungegombana, ningevunja sahani hiyo hiyo, halafu pengine ningekaa. Manang, ningekaa! Hakuniomba. Kanipeleka misa nikatuombee, yeye nyuma ananikata miguu. Halafu nimerudi nimeuweka mkono ule ule kwenye paji langu. Nikauacha pale, sikutaka kuutoa!"

Manang Prax akamsogezea kitambaa. "Kanawe uso," akasema. "Saa nane inafika."

Saa nane kasoro kidogo Tay akaingia, mfuko wa mikate ya pandesal mkononi. Akaona kioo kinawaka, akasimama mlangoni. Uso wake ulitaka kufurahi na haukujua uanzie wapi.

"Imewaka! Si nilikwambia? Ni kusugua tu." Akanyoosha mkono wa kulia kama siku zote, ili bintiye auchukue.

Glorivie akautazama. Mzee hukata kucha zote akaacha ya dole gumba, kwa ajili ya kazi. Akaiona ile ya dole gumba, ndefu, safi. Akageuka akaketi mbele ya kioo. Mkono ukabaki hewani, kisha ukarudi kushika mfuko wa mikate.

Programu ikaita. Akatokea mama mmoja mwenye miwani, Bi Seow, mtu wa maneno machache. Walizungumza Kiingereza, nacho Tay alikijua vizuri. Ndicho alichosomea mashine. Mzee alisogea kando, karibu na friji, mahali ambapo kamera haimwoni.

"Tuanze na jepesi," Bi Seow akasema. "Nieleze hitilafu ya karibuni kabisa uliyoitatua."

Angeweza kusema nyingine. Zilikuwapo tele, ya printa ya parokia, ya mashine ya Bodoy iliyomwagiwa bia. Akageuza macho upande wa friji. Tay alikuwa akitikisa kichwa pole pole, macho yanamsihi. Sasa ndiyo anaomba! Tangu lini?

"Ni ya leo asubuhi," Glorivie akasema. "Mashine iliyokataa kuwaka baada ya kuongezewa memori."

"Memori mbovu?"

"Memori nzima. Plagi ya umeme wa ubongo ilikuwa imechomolewa."

"Imelegea, unamaanisha."

"Imechomolewa. Kisha ikaegeshwa, ionekane iko sawa."

Bi Seow akainua uso. "Uligunduaje?"

"Nilimwambia fundi aliyeweka memori kwamba mashine hailii. Akaniambia nisugue tena. Fundi mzuri kama yule hawezi kusema vile kwa bahati mbaya."

"Na wewe ungempa tena mashine yako?"

Karibu na friji mfuko wa mikate ukachakarika.

"Ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua," Glorivie akasema. "Hapana. Nisingempa tena."

Yakafuata maswali mengine, marefu, ya kazi. Akayajibu yote bila kukwama, na karibu kila jibu lilikuwa la yule mzee, maneno yake, mifano yake, hata ule wa mtoto na maziwa, uliomchekesha Bi Seow kwa mara ya kwanza. Tay alisikia kila neno.

"La mwisho," Bi Seow akasema. "Tukikuchukua, unaweza kuanza lini?"

Jibu la Krismasi lilikuwa tayari ulimini. Glorivie akalimeza.

"Wakati wowote," akasema. "Hata wiki hii."

Nyuma yake Tay akavuta kiti, akaketi mbele ya bakuli la batchoy lililokwisha kupoa, akauweka mfuko wa mikate mezani, upande ule ambao zamani ilikuwa ikikaa sahani ya mkewe.