Kikao cha Kujikosoa

Ijumaa tarehe mosi Novemba 2024, Sikukuu ya Watakatifu Wote, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Mke wangu Domisiana alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji, hapa kwetu Kanazi, kupitia chama chetu kidogo cha wakulima na vibarua. Fomu ilitakiwa ofisini kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya saa kumi jioni. Ilibaki sahihi moja tu, ya mwenyekiti wetu wa wilaya, Juvenali.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mtu wa maana namjua. Tajiri mmoja alipozungushia uzio njia ya kwenda kwenye chemchemi, wanaume tulinung'unika kwenye pombe ya ndizi. Domisiana alimfuata na ndoo yake kichwani. "Shikamoo mzee. Fungua, watoto wana kiu." Hakufungua. Ndipo mke wangu akasema atagombea, na uzio ule atautoa.

Juvenali alifika saa saba. Badala ya kusaini, akaitisha kikao. Eti chama cha kimapinduzi hakimpitishi mtu kabla wanachama hawajajikosoa. Yeye kwenye kiti, sisi kwenye majani ya migomba.

Tukajikosoa. Pancras alikiri kuwauzia walanguzi kahawa. Speciose, jirani yetu, alikiri kusinzia kwenye mafunzo. "Hata sasa nasinzia, ndugu mwenyekiti." Tukacheka. Juvenali hakucheka; alianza kumweleza ubepari ulikotoka, tangu Ulaya.

Saa tisa na nusu Domisiana akasimama. "Kosa langu mimi ni kukungoja wewe. Saini, nikimbie."

"Huo ni ubinafsi, ndugu Domisiana. Nidhamu kwanza."

"Haya, wote tumemaliza. Na wewe mwenyekiti, utajikosoa lini?"

Juvenali akafunua ukurasa mwingine wa daftari lake.

Aliposaini, saa kumi ilishagonga. Domisiana alikimbia hivyo hivyo, viatu mkononi, akakuta mlango wa ofisi umefungwa. Kesho yake alibeba ndoo akazunguka njia ndefu na wenzake, akiwatania wacheke. Hakumlaumu mtu. Lawama nimebaki nazo mimi.

Machi iliyofuata presha ikamchukua Domisiana. Juvenali alikuja mazikoni, akasema chama kilikosa kijiji kwa sababu wanachama hatuna nidhamu. Uzio bado umesimama, unaonekana ukisimama pale kaburini kwake.

Speciose akanyoosha mkono, kama kikaoni.

"Ndugu mwenyekiti, marehemu alikuuliza. Utajikosoa lini?"