Pesa Iliyofika Korbesa

Kila mara lori la Elijah Ekeno lilipoingia kwenye kituo cha mafuta, wahudumu walitawanyika. Mmoja alikumbuka kwenda kuchota maji, mwingine aliingia chooni na kukawia huko. Aliyebaki karibu na pampu ya dizeli ndiye aliyeangukiwa na mzigo, na mara nyingi huyo alikuwa Abiba. Hakuwa jasiri kuliko wenzake. Aliona tu kwamba kumkimbia mteja ni kazi zaidi ya kumhudumia.

Ekeno alikuwa Mturkana wa makamo aliyesomba mawe na mchanga wa ujenzi. Mjini Isiolo walimjua kama mzee wa kanisa, mtu wa kuchangia matanga na kukumbuka majina ya watoto wa jirani. Mbele ya pampu alikuwa mtu mwingine. Alitaka kuona sufuri kabla mpira wa mafuta haujaguswa, kisha alisimama akikodolea macho tarakimu kana kwamba zinakimbia na mali yake. Kila bei ilipopanda alimlaumu Abiba, utadhani ndiye aliyeipandisha. Siku moja alitamka mbele ya watu kwamba wanawake wa pampu wana mikono myepesi. Abiba aliyameza hayo. Alikuwa na watoto shuleni na hakutaka kazi impotee kwa sababu ya maneno ya mtu.

Alasiri ya siku tunayoisimulia, upepo wa vumbi ulikuwa ukivuma kutoka upande wa uwanja wa ndege, na namba ya malipo ya kituo ilikuwa haifanyi kazi tangu asubuhi. Abdikarim, meneja, aliwaambia wahudumu kwamba mteja asiye na pesa taslimu atume kwenye simu yake yeye meneja. Ekeno alijaza tenki. Alikuwa na haraka, mafundi walikuwa wakimsubiri Leparua awapelekee mawe. Akiwa ameshapanda kwenye kiti cha dereva, alimwambia Abiba amsomee namba ya meneja. Abiba akasoma. Basi la Moyale lilikuwa likipiga honi barabarani, na Ekeno alikuwa akibonyeza simu huku akiendelea kulalamika. Alipomaliza, alimwonyesha Abiba ujumbe kwamba pesa zimetoka, akawasha injini.

Abiba alisoma ujumbe ule mara mbili. Jina halikuwa la Abdikarim. Pesa zilikuwa zimekwenda kwa mtu aitwaye Qabale Jillo.

Alimwomba Ekeno azime injini. Abdikarim alitoka ofisini, akasoma naye, kisha bila maneno mengi akanyoosha mkono kupitia dirishani na kuchomoa ufunguo wa lori. Hapo Ekeno aliteremka. Alisema namba alisomewa vibaya, tena kwa makusudi. Kwamba jina lenyewe ni la Kiborana na Abiba ni Mborana, kwa hivyo wanajuana. Kwamba pesa zake zimetumwa kwa shangazi ya mtu. Vijana wa bodaboda walisogea kusikiliza. Abdikarim hakumtetea Abiba wala hakumshtaki. Alisema tu kwamba mafuta yako ndani ya tenki, na kama mteja hatalipa, yatatoka kwenye mshahara wa mhudumu. Ndivyo ilivyokuwa sheria ya kituo.

Abiba alijua amesoma sawasawa. Lakini kadiri Ekeno alivyozidi kupaza sauti ndivyo alivyozidi kujiuliza. Aliirudia ile namba kimoyomoyo, na kila aliporudia ilimjia tofauti kidogo.

Abdikarim alishauri waiombe kampuni ya simu izirudishe. Abiba alisema hilo linaweza kuchukua muda, na mwenye laini anaweza kuzitoa kabla. Afadhali wampigie. Ekeno akakubali kwa sharti moja, kwamba simu itakuwa yake na itawekwa spika.

Iliita kwa muda mrefu. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke mzee, na nyuma yake mbuzi wakilia. Abiba alimsalimia, salaam aleikum, na yule mama akaitikia, akaanza kuzungumza kwa Kiborana kabla hajaulizwa lolote. Alizungumza bila kupumua. Ekeno alimtazama Abiba usoni, akaona anabadilika.

"Anasema nini?" akauliza. "Ongea Kiswahili nisikie. Msinipange kwa lugha yenu."

Abiba alifunika simu kwa kiganja. Alisema mama huyo yuko Korbesa, kule Merti. Ana mwana aitwaye Halake aliyekwenda Nairobi, na tangu mvua za mwaka jana hajasikia habari yake. Leo mwenye duka alipomsomea ujumbe kwamba ametumiwa pesa na mtu aitwaye Elijah, alijua ni Halake. Alijua mwanawe hana simu, ndiyo maana ametuma kwa mkono wa rafiki. Hajazigusa. Alikuwa anasubiri huyo rafiki apige, amwambie mwanawe yuko wapi.

"Na sasa anauliza kama huyo rafiki ni wewe," Abiba alimaliza.

Ekeno alikunja uso. Alitazama simu, akamtazama Abdikarim, kama mtu anayesubiri mwingine acheke ili ajue ni mzaha. Hakuna aliyecheka. Akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo, kwamba Abiba amwambie ukweli na amwombe pesa.

Abiba alijaribu. Alisema, "Aayo," ndivyo Waborana wanavyomwita mama, na hapo akaishia. Kwenye simu yule mama alikuwa akisubiri, akipumua. Abiba alifikiria mshahara wake. Alifikiria pia kwamba maneno atakayotamka sasa yatamfikia mtu aliyeketi mahali fulani na simu sikioni, akiwa na furaha ambayo hajaipata kwa mwaka mzima.

"Siwezi," alimwambia Ekeno. "Pesa ni yako. Mwambie wewe, mimi nitatafsiri."

Watu walidhani Ekeno angelipuka. Alichukua simu, akaiweka karibu na mdomo, akaiondoa, akairudisha. Alianza kwa kumsalimia. Yule mama alimjibu kwa Kiswahili kidogo alichokuwa nacho: "Jambo, mwanangu. Halake hajambo?"

"Mama," Ekeno alisema polepole, "mimi simjui Halake. Nilikuwa nalipa mafuta ya gari. Nilikosea namba. Unisamehe."

Abiba akatafsiri. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Kutoka Korbesa wakasikia mbuzi tu, na mtu fulani akiuliza jambo kwa mbali. Kisha yule mama akasema kwamba kama pesa si za Halake basi si zake, na atamwambia mwenye duka azirudishe sasa hivi. Aliuliza kama huyo mtu wa gari amekasirika. Abiba akasema hapana. Yule mama akamwombea safari njema, akakata.

Ekeno hakuketi. Alizungukazunguka lori lake, akapiga teke gurudumu taratibu, akarudi. Alimwambia Abiba, bila kumtazama, kwamba amwambie mama abakishe pesa kidogo za sukari na majani ya chai. Lakini kabla Abiba hajapiga tena, simu ikalia. Pesa zilikuwa zimerudi zote kamili. Mama Qabale alikuwa amelipa mwenyewe gharama ya kuzituma.

Ekeno alimlipa Abdikarim, mara hii akilitazama jina kwa makini kabla ya kubonyeza. Alipopewa ufunguo hakuondoka. Alimwomba Abiba ampigie yule mama tena amuulize jina la baba yake Halake, na mara ya mwisho alikuwa akifanya kazi gani. Jibu lilikuwa kwamba aliondoka na mbuzi wa kuuza Kiamaiko, pale Nairobi wanapochinja. Ekeno akasema, "Haya," akaenda zake Leparua. Hakumwomba Abiba msamaha. Abiba naye hakuutarajia, ingawa jioni hiyo akikunja sare yake alitambua kwamba hasira aliyokuwa ameiandaa kwa ajili yake haikuwa na pa kwenda.

Zilipita wiki kadhaa. Ekeno aliendelea kuja na kusimama mbele ya pampu na kudai kuona sufuri. Abiba alimwonyesha. Hawakuzungumza juu ya Korbesa, mpaka asubuhi moja Ekeno, macho yake yakiwa bado kwenye tarakimu, akasema, "Yule kijana nimempata."

Alikuwa amekwenda Nairobi kutafuta vipuri. Alipita Kiamaiko, akauliza mlango hadi mlango miongoni mwa Waborana wanaochinja mbuzi, wengine wakimshuku, wakidhani ni askari au mtu anayedai deni. Mwishowe mzee mmoja alimpeleka nyuma ya machinjio, alipokuwa Halake akiosha ngozi. Kilichomfanya anyamaze kilikuwa rahisi. Mnunuzi aliwachukua mbuzi wote kwa ahadi ya kulipa kesho yake, akatoweka. Walikuwa mbuzi wa nyumba nzima. Halake hakujua atampigia mama aseme nini, na kila mwezi uliopita ulizidi kufanya simu hiyo iwe ngumu.

"Sikumbembeleza," Ekeno alisema. "Nilipiga namba nikampa simu. Nikamwambia, mama yako amenirudishia pesa yangu bila kunijua. Ongea na yeye."

Abiba alimuuliza waliongea nini. Ekeno hakujua, waliongea Kiborana. Alichokiona ni kwamba kijana aliongea kidogo, akalia, akamrudishia simu ikiwa bado inaongea.

Kisha Ekeno akaomba risiti, akaisoma yote kama kawaida yake, akaondoka.

Halake mwenyewe alipita kituoni mvua za masika zilipokuwa zimeanza kunyesha. Alikuwa amekonda, na mfuko mmoja mkononi. Gari la Merti lilisimama pale kujaza mafuta, na alishuka kumtafuta mtu aitwaye Elijah. Abiba alimwambia Ekeno ameenda machimboni. Halake alipojua kwamba Abiba ndiye aliyezungumza na mama yake siku ile, alimsalimia tena, safari hii kwa mikono miwili. Abiba alimletea maji ya kunywa. Alikunywa amesimama, akitazama gari likijazwa.

"Dada," alisema, "siku hiyo mama alisikika ana hasira?"

"Alikuwa anauliza kama uko hai."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hakuwataja."

Halake alishika kikombe kitupu kwa muda. Dereva alipopiga honi alikirudisha, akapanda juu ya magunia pamoja na abiria wengine, akajifunika kichwa kwa shuka kwa sababu ya manyunyu. Gari liliingia barabarani likaelekea kaskazini. Abiba alilitazama mpaka likapita majumba ya mwisho, mvua ikimlowesha mabega, na hakusogea kwenda chini ya paa.