Karafuu za Foronya

Bi Kijakazi wa Kengeja hakujaaliwa kuweka sifa ya mwanawe kifuani. Safaa alipohitimu Kurani, mtaa mzima ulijua kabla mtoto mwenyewe hajafika nyumbani. Basi siku wanawake walipokaa barazani kuchambua karafuu, wakawa wanazungumzia mashuka ya harusi ya Ummkulthum, binti wa kaka yake, ulimi wa Bi Kijakazi ulimtangulia. Alisema mashuka na foronya zisinunuliwe mjini, Safaa atazitarizi mwenyewe kwa mashine, na watakaoziona watasahau za dukani.

Sasa Safaa, masikini wa Mungu, mashine ya kutarizi ndiyo kwanza kaletewa na shangazi yake kutoka Unguja. Kazi aliyokwisha kuimaliza ilikuwa leso moja ya mkono, na jani lililokuwa juu ya leso hiyo lilikuwa limelala ubavu. Bi Mgeni, somo anayemfunda bibi harusi, ambaye ndiye atakayetandika kitanda, alichekea pembeni akasema, haya, tutaona. Ile "tutaona" ilimkaa Bi Kijakazi kama mwiba wa changu kooni.

Mama na mwana wakaenda mjini Chake, kwenye duka la Hakimuddin, ambako mkewe Bi Tahira ndiye anayeuza nyuzi. Safaa alifungua kitambaa akatoa kishada cha karafuu alichochuma asubuhi: nyingine bado kijani, nyingine zimeanza kuwa nyekundu kama zinazoona haya, na pembeni punje kavu za hudhurungi. Akaziweka kaunta, akaomba nyuzi za pamba, akawa anabeba vibunda mlangoni kimoja kimoja kwenye mwanga wa jua, maana taa ya dukani, alisema, haisemi kweli. Kila uzi alioupenda aliutia maji akaubana kwenye kitambaa cheupe aone kama unatoa rangi. Mwekundu mmoja ulitoa, akaurudisha.

Bi Kijakazi alisimama akiona aibu. Mtoto gani huyu, anaulowesha uzi wa watu kabla hajaununua? Tena rangi zenyewe zimepoa, hazina hata mng'aro. Ndipo macho yake yakaangukia uzi wa dhahabu, umekaa juu ya rafu unameremeta peke yake.

Bi Tahira alimwambia kwa upole kwamba uzi ule unataka mkono uliozoea, anayeanza humkatikia sindanoni, tena haupendi moto. Bi Kijakazi alisikia maneno ya mwanzo tu. Mkono uliozoea? Mwanangu ana nini mkononi, upele? Palepale akaamua ni huo huo. Safaa alijaribu kumwambia mama yake kwamba karafuu haina dhahabu. Akajibiwa kuwa kitanda cha bibi harusi si gunia la kushonea uzi wa pamba. Nyuzi za pamba alizozichagua zilifungwa pia, za kufanyia majaribio, mama kamhurumia.

Safaa ni mtoto mwenye adabu, akautarizi ule wa dhahabu. Ulikatika, akaunga. Ukakatika tena, akalegeza mkazo, akapunguza mwendo wa mashine, akabadilisha sindano, mpaka foronya ya kwanza ikaisha, kishada cha karafuu za dhahabu katikati. Bi Kijakazi alipoiona alipiga kigelegele peke yake ndani ya nyumba. Akatuma salamu kwa Bi Mgeni aje aone kwa macho yake.

Lakini nguo ya harusi haionyeshwi bila harufu. Akachochea makaa kwenye chetezo, akatia udi wa kutosha watu wote wa Kengeja, akakifunika kwa tenga na kuitandaza foronya juu yake. Akaenda kujifunga kanga nzuri. Aliporudi, harufu iliyompokea haikuwa ya udi. Alipoinua foronya, zile karafuu zilikuwa zimesinyaa, zimeivuta tarizi nzima, na kitambaa kimekunjamana kama utando wa maziwa. Na Bi Mgeni yuko mlangoni anapiga hodi.

Bi Mgeni aliishika foronya, akaigeuza huku na huku, akauliza nani kachagua uzi wa kuungua kwenye udi. Bi Kijakazi alifungua kinywa. Miaka yote hiyo ya kusema, na neno moja halikutoka.

"Mimi, Bi Mgeni," Safaa alisema. "Ndo kwanza najifunza."

Bi Mgeni akasema basi, wakanunue za mjini. Safaa akamwomba ampe nafasi mpaka siku ya kutandika kitanda, amletee nyingine, Bi Mgeni azifukize kwa mkono wake, na zikiharibika yeye Safaa ataichukua aibu mbele ya watu. Bi Mgeni akakubali.

Siku zilizofuata majirani walidhani Bi Kijakazi anaumwa, kwa vile hakusikika. Alikaa kando ya makaa akipepea, na Safaa akipitisha juu ya chetezo vipande vya kitambaa alivyovitarizi kwa kila uzi wake wa pamba, akinyunyiza marashi, akianika, akiangalia. Uliosalimika ndio aliouweka kwenye mashine. Mama alimtazama mwanawe akiinamia ile fremu ya duara inayokaza kitambaa, jicho moja kalifinya, akakumbuka alivyosimama mlangoni mwa duka na uzi wake juani. Moyo ukamuuma, lakini katikati ya maumivu hayo palikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye kujisifu kokote.

Siku ya kutandika kitanda chumba kilijaa. Bi Mgeni alizifukiza foronya mbele ya wote, hakuzionea huruma, kisha akazimwagia marashi. Akazinyoosha juu ya mito. Kijani kilikuwa kijani, wekundu wa haya uko mahali pake, na zile kavu za hudhurungi zilionekana kama zimedondoka tu hapo kutoka jamvini. Mwanamke mmoja alinyoosha kidole akataka kuziokota, wenzake wakamcheka.

Bi Mgeni alimgeukia Safaa akamwambia kwamba sasa kajua kuchagua uzi.

"Kajua tangu dukani," Bi Kijakazi alisema, na chumba kizima kikamsikia. "Ule ulioungua niliuchagua mimi. Bi Tahira kanionya, Safaa kanikataza, nikang'ang'ania. Mlipouliza nikanyamaza, mwanangu akaibeba aibu yangu. Hizi mnazoziona, kila uzi kauchagua mwenyewe."

Safaa aliinamisha uso ndani ya mtandio. Kisha Bi Mgeni akamshika mama yule mkono.

"Kijakazi," alisema, "nimekusikia ukimsifu huyu mtoto tangu kuzaliwa. Leo ndo nimekuamini."

Wiki ile ile akaja mtu kuomba foronya za harusi, na baada yake mwingine. Hakwenda hata mmoja kwa Bi Kijakazi, walimwendea mwenye mashine. Ile foronya ya dhahabu Safaa aliitia kwenye vitambaa vya kupigia deki, mama yake akaitoa. Anailalia mwenyewe mpaka leo. Inamkwaruza shavu usiku kucha, na hataki kusikia habari ya kubadilishiwa.